Historia ya Puok Ruach, Ambaye Hakuwa Fundi wa Ndege

Ndugu waombolezaji, mchungaji, wazee wetu wa Malakia na wageni kutoka mitaa ya Kator na Bilpam hapa Juba, majirani wa Sudan, Uganda na Kenya, na wewe pia, meneja wa kampuni ya ndege ya Sitatunga, uliyeketi kiti cha mbele chini ya kivuli cha rakuba hii ya nyasi, familia inawasalimu nyote. Historia hii inasomwa na dada mkubwa wa marehemu, mwalimu Nyagach Ruach, na inasomwa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ambayo nusu ya nyumba hii ilikulia nayo kambini na nusu nyingine iliolewa nayo, na wasioifahamu wataelezwa na walioketi karibu nao. Familia imekubaliana kwamba haitapunguza neno, ingawa jana iliombwa na watu wa kampuni hiyo kwa upole mwingi, na kreti za soda zikaletwa, ili ipunguze.

Marehemu Simoni Puok Ruach alizaliwa mwezi Agosti mwaka 1978, katika kijiji kilicho mwendo wa nusu siku kutoka Nasir, kando ya mto Sobat, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Ruach Chan na mama Nyakong, ambaye yuko hapa nasi. Hati za wakimbizi zinasema kwamba alizaliwa tarehe mosi Januari, kama zinavyosema kuhusu sisi sote, lakini mama Nyakong anasema hajawahi kuzaa mwezi wa Januari hata mara moja, na kwamba Puok alikuja maji ya mafuriko yakiwa mlangoni, ng'ombe wakiwa wamehamishiwa kwenye kichuguu, na mkunga akaletwa kwa mtumbwi akilalamika njia nzima. Vita vilipofika kwetu, familia ilitembea mpaka kambi ya Itang, Ethiopia, mwaka 1988, ikafukuzwa tena na vita vingine mwaka 1991, na mwezi Septemba 1992 ikaingia Kakuma, Kenya, ikiwa imebaki na sufuria moja na watu sita.

Alisoma shule ya msingi kambini Kakuma kuanzia mwaka 1993 hadi 2000, akaendelea na sekondari mpaka kidato cha pili, akaacha mwaka 2002 baba alipofariki. Alikuwa mwanafunzi mpole, mwenye sauti nzuri ya kuimba, na hesabu ilimshinda kabisa. Katika darasa la useremala alitengeneza kigoda kimoja tu katika maisha yake, nacho kilimwangusha mwalimu mbele ya wageni wa shirika waliokuja kupiga picha. Mnacheka, na mcheke, hata yeye alikuwa akicheka akikisimulia, lakini familia inalitaja jambo hili kwa makusudi, na inawaomba mlikumbuke.

Kuanzia mwezi Mei 2002 alifanya kazi Lokichogio, kwenye uwanja wa ndege za misaada, akiwa mchukuzi, yaani mtu wa kupakia na kupakua, na kazi hiyo aliijua na kuipenda, alijua gunia lipi litangulie na lipi lifuate, na namna ya kuufungua na kuufunga mlango wa mizigo wa kila ndege iliyotua pale. Amani ya Sudan ilipotiwa sahihi alivumilia mwaka mmoja zaidi, kisha tarehe 20 Aprili 2006 akashuka Juba na begi moja, akapanga chumba Malakia, akaanza kutafuta kazi ileile.

Kwa desturi kazi husomwa yote kabla ya ndoa, lakini kazi ya mwisho ya marehemu ndiyo iliyomleta ndani ya jeneza hili, basi acha kwanza tuseme yaliyomfurahisha. Tarehe 9 Desemba 2006 alifunga ndoa na Robinah, binti wa watu wa Mbarara, Uganda, aliyekuwa akiuza chai na chapati karibu na lango la uwanja wa ndege, na wajomba zetu walipokwenda kuzungumzia mahari, baba yake Robinah aliwauliza kwa heshima kama kweli sisi Wanuer tunakusudia kupeleka ng'ombe Mbarara, kwenye ng'ombe wenye pembe ndefu kuliko mikono ya wajomba. Mungu aliwajalia watoto wawili, Nyapal, aliyezaliwa tarehe 3 Oktoba 2007, na Chan, aliyezaliwa tarehe 17 Juni 2009. Katika nyumba hiyo kila kilichoharibika kilitengenezwa na mke, jiko la mafuta, redio, bomba, hata baiskeli ya marehemu mwenyewe, kwa maana Puok akishika spana majirani walikuwa wakiita watoto wao ndani. Robinah ameturuhusu kusema hivyo, na amesema tuseme kwa sauti.

Tarehe 5 Machi 2007 aliajiriwa na kampuni ya Sitatunga, inayokodisha ndege kwa wafanyabiashara, mashirika na yeyote anayetaka kufika mahali ambapo barabara hufa mvua ikianza, na aliajiriwa kama mchukuzi, na alikufa akiwa mchukuzi, hakupandishwa cheo, hakusomeshwa, hakupewa cheti chochote. Kampuni ilikuwa na ndege mbili kuukuu za injini mbili. Mwaka 2008 ndege ya pili iliacha kuruka, ikakokotwa nyuma ya bohari, ikaanza kunyonyolewa kama kuku, leo pampu, kesho kiti, keshokutwa gurudumu, na vyote vikapelekwa kwenye ile iliyobaki, na marehemu alijua kwa sababu yeye na wenzake ndio waliovibeba mgongoni. Watu wa ukaguzi wakiuliza Juba, kampuni ilisema karatasi ziko Khartoum, wakiuliza Khartoum, ilisema ndege iko Juba.

Mwenendo wa ndege hiyo si siri, uwanja mzima uliuona. Mwezi Juni 2008 injini moja ilizimika juu ya Terekeka na abiria wakarudi wakiimba nyimbo za mazishi. Mwezi Novemba mwaka huohuo mlango ulifungwa kwa kamba ya katani, na yule aliyeishika kamba hiyo mpaka Rumbek alikuwa muuza vitunguu aliyekuwa amelipa nauli kama wengine. Kila asubuhi iliwashwa kwa betri ya lori, na chupa ya kuzimia moto ilitolewa ndani ya ndege ikawekwa ofisini kuzuia mlango usipigwe na upepo, na hapo ndipo ilipokuwa siku iliyohitajika. Meneja anatikisa kichwa, lakini hapa msibani wamo watu wasiopungua kumi waliougonga mguu kwenye chupa hiyo wakienda kukata tiketi.

Kilichoifanya ndege hiyo iendelee kupata abiria ni mtu mmoja, fundi Douglas, mwenye leseni, mzaliwa wa Entebbe, ambaye amesafiri kwa basi kuja hapa na anaketi na wachukuzi. Douglas alikuwa na desturi aliyofundishwa na mafundi waliomtangulia, kwamba ndege uliyoitengeneza kwa mkono wako, safari yake ya kwanza unapanda nayo, wewe na ovaroli lako na sanduku lako la vyombo, ili kama umekosea ukosee pamoja na watu. Abiria wa Juba waliizoea desturi hiyo, wakaigeuza kuwa kipimo chao, hawakuuliza umri wa ndege wala rubani amelala saa ngapi, walisimama kwenye kivuli cha bawa wakauliza neno moja tu, "Fundi fi?", fundi yupo, na wakimwona Douglas anapanda, wanapanda, wasipomwona wanakaa juu ya mizigo yao. Wenyewe walikuwa wakiambiana, "Kama Douglas iko ndani, twende, hata yeye napenda maisha yake."

Douglas aliomba vipuri mwaka mzima, akaambiwa avumilie, na tarehe 30 Oktoba 2009 alikataa kuiachia ndege iruke na breki mbovu aliyoiona, akafukuzwa siku hiyohiyo, akaondoka na sanduku lake na kuliacha ovaroli likining'inia kwenye msumari. Jana, alipolisikia jambo hili lote, alisema neno moja tu, "Mimi ningeenda na hiyo nguo," kisha akatoka nje, na familia inamwambia mbele ya watu kwamba hana lawama.

Wiki mbili nzima abiria walikataa kupanda. Kampuni haikutafuta fundi mwingine, haikununua breki, ilifanya jambo lililo rahisi kuliko yote, ilimwita Puok kutoka kwenye mizigo ikamwambia avae ovaroli la Douglas, ashike sanduku jingine, apande, akae kiti cha nyuma, na asiseme mengi. Douglas ni mfupi, na Puok mnamfahamu, suruali ilimkomea chini kidogo ya magoti, neno FUNDI lililoandikwa mgongoni lilikuwa karibu na shingo, na ndani ya sanduku mlikuwa na matofali mawili na kitambaa. Mtoto mdogo angejua. Lakini mwenye hofu haoni urefu wa suruali, anatafuta ishara, naye akiipata hushukuru, na watu walimwona mtu mwenye ovaroli anapanda, wakabeba watoto wao wakapanda.

Familia haitaficha kwamba mwanzoni marehemu aliona ni mchezo, akafurahia kuona Sobat kutoka juu, mahali alipozaliwa, na kuitwa fundi na watu wazima waliovaa suti. Alivishwa kilemba cha ukoka, nacho kikamkaa kichwani miezi miwili. Kisha, katikati ya mwezi Januari mwaka huu, bibi mmoja alimshika mkono kwenye ngazi akamuuliza, "Fundi, iko sawa?", naye akajibu, "Iko sawa, mama," na alipofika nyumbani hakula, akamwambia Robinah kwamba leo amemdanganya mtu mwenye umri wa mama yake. Robinah alimwambia aiache kazi. Alikwenda kwa meneja tarehe 1 Februari akamwambia hataki tena kuvaa nguo ile, anaomba arudi kwenye mizigo, na meneja akamwambia, "Vumilia wiki moja tu, fundi mpya iko njiani." Hakukuwa na fundi njiani. Meneja, kama alikuwepo, simama umtaje jina, tutanyamaza tukusikilize.

Siku ya Jumamosi, tarehe 6 Februari 2010, ndege iliondoka Juba na abiria kumi na wanne, kuelekea kiwanja cha udongo wa murram kando ya Sobat, na Puok nyuma kabisa, ndani ya ovaroli. Gurudumu la kushoto lilikuwa limetoka kwenye ile ndege iliyokufa, na breki ilikuwa ileile aliyoikataa Douglas. Ilipotua haikusimama, ikakipita kiwanja, ikaingia korongoni, bawa likavunjika na moto ukashika upande wa mbele. Haya tunayoyasema sasa tumeyapata kwa ndugu Gaetano, katekista wa Kator, aliyekuwa kiti cha tatu kutoka nyuma, na ambaye anaketi pale mkono ukiwa umefungwa. Anasema watu wote waligeuka nyuma wakapiga kelele, "Fundi! Fundi, fungua!", kwa sababu waliamini anaujua mlango wa dharura, na Puok akaushika ule mpini akauvuta na kuusukuma, na hakujua, kwa maana hakuna siku hata moja aliyoonyeshwa. Akakimbilia mahali pa chupa ya kuzimia moto akakuta kikoba kitupu. Ndipo akairukia mizigo, akaitupa huku na huku, akaufungua mlango wa mizigo, ambao angeweza kuufungua akiwa usingizini, na kwa mlango huo wakatoka watu tisa, wakiburutwa kama magunia, wa tisa akiwa Gaetano. Puok aliingia tena kumfuata wa kumi, na ndipo alipoungua, akatoka peke yake. Watu watano hawakutoka, na Mungu anayajua majina yao, na familia hii huyasema kila jioni kabla ya kula. Rubani alitoka kwa dirisha lake, akasafirishwa nje ya nchi siku ya pili, na hatujamwona wala kumsikia.

Marehemu aliletwa Juba kesho yake, akalazwa. Tarehe 10 Februari, akiwa kitandani na redio ya mgonjwa wa jirani ikiwa wazi, alisikia kampuni ikitangaza kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa fundi aliyesafiri na ndege hiyo, Puok Ruach, ambaye hakulikaza gurudumu ipasavyo. Walilisema jina lake kamili. Tangu aajiriwe walikuwa wakimwita "wewe mrefu", siku hiyo walilijua mpaka jina la baba. Alimtazama Robinah akamuuliza kama na yeye amesikia, na Robinah, Mungu amsamehe, akasema redio ilikuwa inakwaruza, hakusikia vizuri.

Kuanzia siku hiyo tulikuwa na wagonjwa wawili, mwili wake na jina lake. Watoto waliitwa watoto wa muuaji kisimani. Tarehe 14 alikuja wodini mama Adhel, ambaye binti yake Achok, mwalimu, miaka ishirini na mitatu, ni mmoja wa wale watano, akasimama miguuni pa kitanda akauliza, "Wewe ndiyo fundi?" Puok akajibu, "Hapana, mama, mimi nabeba mizigo tu, ile nguo walinivalisha." Mama Adhel akauliza, "Na mtoto yangu alikuuliza kama iko sawa?" Sisi tuliokuwepo tulitamani aseme hapana, mtu aliyeungua vile nani angemlaumu, lakini Puok alisema, "Aliniuliza. Nikamwambia iko sawa." Mama akaondoka bila kuaga. Marehemu alituagiza tuyasome maneno hayo kama yalivyo, tusiyapambe, kwa sababu huo uongo ulikuwa wake, na yuko tayari kuubeba, lakini gurudumu lile si lake na hatalibeba.

Aliendelea kudhoofika, homa ikapanda, na siku ya Jumanne, tarehe 23 Februari 2010, mchana, akafariki, akiwa na umri wa miaka thelathini na moja. Ameacha mama, mjane, watoto wawili na ndugu watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile, waliomfunga vidonda kwa shuka zao wenyewe dawa zilipokwisha, wanawake wa Uganda wa sokoni, marafiki wa Robinah, waliopika tangu siku ya kwanza na hawakuruhusu jiko lipoe, majirani wa Malakia, na wachukuzi wenzake wa uwanja wa ndege, ambao leo wamelibeba jeneza hili wakikataa gari. Inamshukuru Gaetano, aliyekwenda kwenye kila nyumba ya waliofiwa akieleza alichokiona, hata pale alipofungiwa mlango. Inamshukuru mama Adhel. Hatukumwalika, tusingethubutu, lakini tangu asubuhi ameketi upande wa wanawake, bega kwa bega na mama Nyakong, na hatujui wanaambiana nini.

Limebaki moja. Jeneza limetolewa na kampuni, nasi tulilipokea kwa sababu ya joto la mwezi huu na kwa sababu maiti hasubiri. Lilipofika usiku tukaona juu ya kifuniko pamekazwa kibao cha shaba, kimeandikwa vizuri kabisa, "Puok Ruach, Fundi wa Ndege, Sitatunga." Wahenga walisema maiti haulizwi sanda, na kweli hakuulizwa, kama ambavyo hakuulizwa alipovalishwa ile nguo nyingine. Wametaka aingie kaburini na kosa lao kifuani, ili siku ya kuulizwa waseme, hata ndugu zake walimzika kama fundi. Familia inasema hapana. Hapa analala mchukuzi wa mizigo, mume wa Robinah, aliyewatoa watu tisa kwa mlango anaoujua.

Wachukuzi walitaka kukibandua kibao hicho alfajiri, tukawazuia, kwa sababu si wao waliokiweka. Kina skrubu nne. Robinah amesimama pale kichwani mwa jeneza, na ameshika bisibisi yake ya nyumbani. Kaburi limekwisha kuchimbwa na litasubiri, mchungaji amekubali kusubiri, na sisi wa Sobat tumesubiri mambo mengi kuliko haya. Lile neno la mwisho ambalo kila mmoja wenu anangoja kulisikia, la kumtakia ndugu yetu apumzike kwa amani, tutalisema kibao kikishatoka. Meneja, simama, bisibisi hii hapa.